Shamba la Babu, Hati ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Haki ya Kumiliki Mali

Mimi ni msaidizi wa kisheria vijijini, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Wengi wanaonijia wanakuja kwa habari ya ardhi. Anakuja mama na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, ndiyo hati yake ya mauziano. Anakuja kijana na picha ya kaburi la babu yake kwenye simu, maana kaburi ndilo ushahidi alio nao. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo wanayoniuliza, na nimeyaandika jinsi wanavyoyauliza.

Kumiliki mali ni haki ya binadamu kweli, au ni mambo ya wenye pesa?

Ni haki ya binadamu. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948, linasema katika ibara ya 17 kwamba kila mtu ana haki ya kumiliki mali, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, na kwamba hairuhusiwi kumnyang'anya mtu mali yake kiholela. Hayo maneno "pamoja na wenzake" naomba uyashike, tutayarudia tukifika kwa wafugaji.

Ile mikataba mikubwa miwili ya haki za binadamu ya mwaka 1966 haikuitaja haki hii. Nchi za Magharibi na nchi za kijamaa zilishindwa kuelewana mali ni nini na fidia yake iweje. Sisi Waafrika tuliiweka: Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unayo katika ibara ya 14. Katiba ya Tanzania inayo katika ibara ya 24, na ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya 40.

Najua kwa nini watu wanadhani ni haki ya matajiri. Wakisikia "mali" wanaona maghorofa na magari. Lakini tajiri akipoteza nyumba moja kati ya kumi, amepoteza pesa. Mwenye ekari moja na nusu akiipoteza, amepoteza chakula cha mwaka, ada ya shule, na mahali atakapozikwa. Maskini ndiye anayeihitaji zaidi haki hii.

Nasikia ardhi yote ni ya Rais. Sasa mimi namiliki nini?

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wewe unamiliki haki ya kuitumia na kuikalia, na haki hiyo ni mali: inarithiwa, inauzwa, inalindwa na Katiba.

Utaratibu huu una historia yake. Sheria ya mkoloni Mwingereza ya mwaka 1923 ndiyo iliyotangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma na kuiweka mikononi mwa Gavana. Baada ya Uhuru jina la Gavana likafutwa, likaandikwa la Rais. Mwalimu Nyerere alikuwa na hoja yake nzito tangu 1958: kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, wachache wenye fedha watainunua yote na wananchi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ikapita vijijini na kuwasikiliza watu. Ilipendekeza ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji wenyewe, itoke mikononi mwa Serikali Kuu. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sheria mbili zilizotungwa mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilimwacha Rais kuwa mdhamini. Kwa maoni yangu Tume iliona mbali, na nusu ya maswali ninayopokea leo yasingekuwepo.

Kwa kazi za kila siku, jua kwamba ardhi imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ambayo karibu miji yote imo humo, ardhi ya kijiji, na ardhi ya hifadhi, kama mbuga na misitu ya taifa. Ukijua uko fungu gani, unajua ofisi ya kwenda.

Sina hati. Shamba nimerithi kwa baba, naye kwa babu. Je, nina haki yoyote?

Unayo, tena kamili. Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu lake lina kesi ambayo kila mwanakijiji angepaswa kusimuliwa.

Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka maeneo yao ya asili. Mashamba ya wengine yakagawiwa watu wapya. Miaka ya 1980 baadhi ya wenye mashamba walikwenda mahakamani kuyadai, na wapo walioshinda. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki zote za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati ule: bila fidia, na bila ruhusa ya kwenda mahakamani. Yaani mtu ameshinda kesi yake kihalali, kisha anaambiwa ushindi wako umefutwa na usilalamike popote.

Lohay Akonaay na mwanawe, watu wa upande wa Karatu, walikuwa miongoni mwa walioshinda. Waliipinga sheria ile mpaka Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay. Mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki. Wakasema na jambo jingine: hata kama shambani hakuna nyumba wala mazao ya kudumu, ile nguvu mtu aliyoitumia kufyeka na kulima inatosha kumpa ulinzi huo. Na ile dhana kwamba wananchi wanaokaa kwa kimila ni kama wavamizi katika nchi yao, Mahakama iliikataa.

Kwa hiyo akija mtu na kukwambia "huna hati, huna chako", mjibu bila hofu. Karatasi inathibitisha haki. Haki yenyewe ilianza na jembe la babu.

Kama haki ninayo tayari, hatimiliki ya kimila ya nini?

Ya kukupunguzia ugomvi. Mashahidi wanazeeka na kufa, minyaa ya mpakani hung'olewa usiku, na mtoto wa jirani hajui mlichokubaliana na baba yake.

Inapatikanaje?

Kwanza kijiji chenyewe kiwe kimepimwa mipaka na kina cheti cha ardhi ya kijiji. Kwa kawaida kinafuata mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa chanzo cha maji pasiguswe. Baada ya hapo ndipo vipande vya watu huhakikiwa.

Siku ya uhakiki ni siku ya kujionea. Kamati inatembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani wa pande zote, kijana mmoja ameshika simu au kifaa cha kunasa majira ya nukta, yaani mahali hasa kila kona ilipo. Kila kona wanasimama. "Mpaka wenu ni huu mnyaa?" "Ndiyo." "Na wewe mzee, unakubali?" Mzee anakohoa, anaangalia chini, anasema, "Mnyaa huu ulisogea." Hapo kazi inasimama, mnaketi kwenye nyasi mnaulizana nani alikuwepo ulipopandwa. Nimeona mpaka wa hatua nne ukichukua saa tatu. Sikuona hasara, maana saa tatu pale ni nafuu kuliko miaka sita barazani.

Orodha ya majina na ramani hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Halmashauri ya kijiji ikishaidhinisha, hati huandaliwa ikiwa na saini au dole gumba na picha ya mmiliki, saini za mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha husajiliwa na afisa ardhi wa wilaya. Nakala huwa tatu: ya mmiliki, ya masjala ya kijiji, na ya wilaya.

Soma jina lako kabla ya kuweka dole. Herufi moja ikikosewa, jina lisilofanana na la kitambulisho litakusumbua siku utakayohitaji kuitumia hati hiyo.

Hati hii ni ndogo kuliko ile ya mjini?

Hapana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 18, inasema haki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila hali na haki inayotolewa na Serikali Kuu. Tena ya kimila kwa mwanakijiji haina ukomo wa miaka, wakati ya mjini hutolewa kwa muda, na haizidi miaka 99.

Nikiwa na hati, benki itanikopesha?

Pengine, lakini usiichukue hati kwa sababu hiyo.

Wazo la hati na mkopo lilivuma sana mwanzoni mwa karne hii kupitia mchumi wa Peru, Hernando de Soto. Alisema maskini wa dunia wana mali nyingi, ila ni mtaji mfu kwa sababu haijaandikishwa. Ikiandikishwa itafufuka na kuwa mikopo na biashara. Tanzania ililipokea wazo hilo, na mwaka 2004 ukaanzishwa mpango wa MKURABITA, yaani Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge. Mpango umesaidia watu wengi kupata hati, na naushukuru kwa hilo. Ila ile ahadi ya benki haikutimia kwa wengi kama ilivyosemwa. Benki inapotaka dhamana, inajiuliza itaiuzia nani ekari mbili za mahindi ndani ya kijiji ambako ukoo mzima unamfahamu mwenye shamba. Na inataka kuona kipato cha kulipa, siyo hati peke yake.

Kuna mfano kutoka Argentina ninaoupenda. Mwaka 1981, huko San Francisco Solano pembezoni mwa Buenos Aires, familia maskini zilivamia eneo zikidhani ni la serikali. Kumbe lilikuwa la watu binafsi. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kuwafidia wenye eneo ili waliohamia wapewe hati. Wamiliki wengine walikubali fidia, wengine wakaenda mahakamani kupinga. Basi majirani wa mtaa mmoja, maskini sawasawa, wakajikuta hawa wana hati na hawa hawana, kwa bahati tu. Watafiti walipokwenda kuwaangalia baada ya miaka, wenye hati walikuwa wameboresha nyumba zao kuliko wenzao na watoto wao wamesoma zaidi. Kwenye mikopo tofauti ilikuwa ndogo mno.

Fikiria maana yake. Watu wale hawakujenga kwa pesa za benki. Walijenga kwa sababu walijua hakuna atakayewaamsha asubuhi na tingatinga.

Basi haki hii inaletaje maendeleo, kama mkopo wenyewe ni wa kubahatisha?

Kwa njia ya mti. Huku kwetu ukitaka kujua nani ana uhakika na shamba lake, angalia alichopanda. Aliyekodi msimu mmoja anapanda mahindi na maharage. Mwenye mashaka naye hivyo hivyo: anapanda kitakachovunwa kabla hajafukuzwa. Mparachichi unataka miaka mitatu hivi kabla hujaonja tunda la maana, msindano unataka zaidi ya kumi kabla haujawa mbao. Hakuna mwenye akili timamu anayepanda msindano kwenye shamba ambalo shemeji yake anasema ni la kwake.

Ndivyo ilivyo kwa matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa samadi, kwa kisima, kwa choo cha matofali. Vyote ni gharama ya leo kwa faida ya kesho, na asiye na uhakika wa kesho hagharamii.

Rwanda inatupa picha pana. Kati ya miaka ya 2009 na 2013 nchi nzima iliandikishwa, zaidi ya vipande milioni 10, kwa kutumia picha za angani na vijana wa hapo hapo waliofundishwa kazi. Utafiti uliofanywa katika maeneo ya majaribio ulionyesha kwamba walioandikishwa walijitahidi zaidi kuhifadhi udongo wa mashamba yao, na walioongoza ni kaya zinazoongozwa na wanawake. Hao ndio waliokuwa na hofu kubwa zaidi mwanzoni. Lakini utafiti huo huo ulionyesha doa: wanawake wenye ndoa halali waliandikwa, ila walioishi na wanaume bila ndoa ya kisheria haki zao zilififia kwenye makaratasi. Zoezi la hati linaweza kumlinda mmoja na kumfuta mwingine siku hiyo hiyo, kwa kalamu ile ile.

Mume wangu amefariki. Ndugu zake wanasema shamba ni la ukoo, niondoke. Wana haki?

Pole sana, mama. Usiondoke. Tafadhali usiondoke kabla hujazungumza na mtu anayejua sheria, maana kurudi ni kugumu kuliko kubaki.

Kwanza kabisa, kilichochumwa ndani ya ndoa na wewe una sehemu yako humo kwa jasho lako. Tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya ndoa. Kesi ile ilikuwa ya talaka, lakini msimamo wake ni silaha yako.

Pili, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Ugumu uko kwenye mirathi, na sitakuficha. Tuna sheria za aina tatu. Kwa Waislamu, mjane mwenye watoto hupata thumni, asiye na watoto robo. Kwa wanaofuata sheria ya kiserikali, iliyotoka India enzi za ukoloni, mjane mwenye watoto hupata theluthi. Kwa mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963, mjane hana fungu lake. Anaambiwa atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili kutoka Shinyanga waliipinga kanuni hiyo mahakamani wakakwama, wakaenda mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 Kamati iliamua kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba Tanzania inapaswa kurekebisha sheria hizo. Inaniuma kwamba mwanamke wa Kitanzania alilazimika kwenda kutafuta neno hilo Geneva.

Lakini mahakama zetu nazo zimewahi kusimama. Mwaka 1988 bibi mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, mzee asiye na wa kumtunza, aliuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki: mila inasema si halali mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji James Mwalusanya alisema mila hiyo inapingana na Katiba, na kuanzia hapo mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale aliyonayo mwanamume. Kila nikisimulia hukumu hii kwenye mkutano wa kijiji, upande wa akina mama hunyamaza kwanza, halafu mmoja huuliza, "Sema tena, mwaka gani?"

Unachotakiwa kufanya sasa: pata cheti cha kifo, fungua mirathi mahakama ya mwanzo, hakikisha jina la msimamizi wa mirathi halipiti kwenye kikao cha ukoo ambacho wewe hukuitwa. Na kama mume yu hai bado mnasoma hili pamoja, andikeni wosia, na hati iandikwe majina mawili.

Nyumba ina jina la mume peke yake. Anaweza kuiweka rehani au kuiuza bila mimi kujua?

Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, ndiyo inayosema hivyo, na Sheria ya Ardhi inaidai ridhaa hiyo kwenye rehani. Ukiwa na wasiwasi, nenda ofisi ya msajili wa hati ukaweke zuio, yaani pingamizi linaloandikwa kwenye hati. Usisubiri mpaka umwone dalali na wateja uani.

Serikali inataka eneo letu kwa barabara. Wanaweza kulichukua?

Wanaweza, kwa manufaa ya umma, na kwa fidia. Sheria inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Kukadiria "kamili" hakuishii kwenye matofali. Unahesabiwa thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida utakayoikosa kama ulikuwa na biashara. Malipo yakicheleweshwa zaidi ya miezi sita, yanapaswa kuongezewa riba.

Mthamini akija, uwepo wewe mwenyewe. Atakupiga picha mbele ya nyumba umeshika kibao chenye namba, kisha ataorodhesha mali. Hesabu naye migomba, hesabu mipera, mwonyeshe kisima na msingi wa nyumba ambayo hujamaliza. Fomu usiitie saini ikiwa na nafasi wazi, na uombe nakala. Watu wengi wanaokuja kwangu wakilalamikia fidia ndogo, tukiifungua fomu tunakuta saini yao iko chini ya orodha yenye mistari mitatu, na shamba lilikuwa na miti ya kahawa mia.

Mwekezaji amekuja, na mwenyekiti anasema ameshampa ekari zetu. Imekwisha hiyo?

Haijaisha. Halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani ninyi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Daieni muhtasari wa mkutano, angalieni tarehe na orodha ya mahudhurio. Nimewahi kuona orodha yenye jina la mtu ambaye siku hiyo alikuwa amelazwa hospitali.

Mgeni asiye raia hamilikishwi ardhi ya kijiji. Kwanza ardhi hiyo inahamishwa na Rais kwenda ardhi ya jumla, kwa tangazo, ndipo mgeni apewe haki ya uwekezaji. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri anaamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Na uhamisho haukamiliki kabla fidia haijakubaliwa. Jambo ambalo wanakijiji hawaambiwi mapema ni kwamba mradi ukifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Uliza swali hilo mbele ya mwekezaji, kwenye mkutano, na jibu liandikwe.

Sisi ni wafugaji, hatuna vipande. Haki ya kumiliki inatuhusu?

Ndiyo, na ndipo yale maneno "pamoja na wenzake" yanapopata uzito. Malisho yakikatwa vipande, mfugo unakufa. Mvua hainyeshi kwa kufuata bikoni, yaani alama za mipaka. Sheria inaruhusu hati ya kimila ya kundi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao ni wawindaji na warina asali, walipata hati ya namna hiyo kwa ardhi yao.

Kwa upande wa Kenya, kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya serikali yao ilipelekwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 walishinda: Mahakama ilisema kuwafukuza msituni kulivunja, pamoja na mambo mengine, haki yao ya mali chini ya ibara ya 14, japo hawakuwa na hati yoyote. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Kushinda ni jambo moja, kutekelezewa ni jingine, lakini hukumu ipo, na jamii nyingine yoyote ya Afrika inaweza kuinukuu.

Nanunua kiwanja mjini. Nisiibiwe vipi?

Usinunue kwa picha za dalali. Nenda mwenyewe, asubuhi, halafu rudi jioni bila dalali uzungumze na majirani wawili. Waulize kiwanja hiki ni cha nani. Kama kuna hati au ofa, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, uone jina lililosajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Muulize muuzaji kama ana mke au mume, na mwenzi huyo asaini. Kama ni mali ya urithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi, usiridhike na "tumekubaliana ndugu wote". Lipa kwa benki ili alama ibaki. Ukishalipa, badilisha jina mara moja. Kila mwezi unaochelewa, hati bado inamtaja yule aliyekuuzia.

Mgogoro umeshatokea. Nianzie wapi?

Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu lazima wawe wanawake, husuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu tena. Ikishindikana, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, halafu Mahakama Kuu, halafu Mahakama ya Rufani. Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo ni bure kwa sheria ya mwaka 2017, kwa hiyo akikudai pesa mtu anayejiita msaidizi wa kisheria, mwache.

Nimepata hati yangu. Niiweke wapi?

Mahali pakavu, pasipo panya, na panapojulikana na mtu mmoja zaidi unayemwamini. Toa nakala mbili, moja ikae kwa mtoto aliye mbali. Usimpe mtu akushikie, wala usiiache kama rehani ya mkopo wa mtaani. Mkopeshaji wa hivyo anataka shamba, hataki riba.

Bibi mmoja wa huku ya kwake ameiviringisha kwenye kipande cha kanga, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka ndani ya debe la mahindi ya mbegu. Nilipomuuliza kwa nini humo, alinishangaa. Alisema debe la mbegu ndilo kitu pekee ndani ya nyumba ambacho hakuna mtu anayethubutu kulifungua bila kumwomba ruhusa.